Sauti Tuliyoiweka Kwenye Kaseti

Maneno haya niliyasema Malindi, jioni moja baada ya Isha, mbele ya wapenzi wa muziki, wengi wao vijana. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikapunguza marudio tu.

Asalaam aleikum. Mama zangu, baba zangu, jirani zangu wa Shela, Barani na Maweni, na nyinyi vijana mliokaa kwenye mikeka kwa kuwa viti vimekwisha: ahsanteni kwa kuja. Nilipoombwa nizungumze juu ya muziki wa zamani, nilitoa sharti moja tu, kwamba nije na mashine yangu. Ndiyo hii mezani. Ni deki ya milango miwili. Mlango huu waweka kaseti yenye wimbo, mlango huu waweka kaseti tupu, wabonyeza vidude viwili kwa pamoja, wangoja. Kwa mashine hii nimelea watoto wanne. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 nilikuwa na kibanda karibu na soko, na wa rika langu waliomo humu wanajua: ukitaka taarabu, ukitaka nyimbo za filamu za Kihindi, ukitaka roki ya Wazungu, ulikuja kwangu na kaseti yako ya dakika 90, na kesho yake ukaichukua imejaa.

Leo nataka kuzungumza juu ya ugomvi. Ulianza kibandani kwangu mwaka 2013, juu ya mwimbaji wa roki wa Kiingereza ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona kwa macho yake, na mpaka sasa haujapoa. Marafiki wawili walionuniana kwa ajili yake wamo humu ndani. Nimewaomba ruhusa ya kuyasema, wamenipa, kwa hiyo msigeuze shingo kuwatafuta.

Mwimbaji mwenyewe ni David Bowie. Lakini kwanza niwaeleze roki ilifikaje Malindi, maana kijana aweza kudhani wazee wake walisikiliza taarabu peke yake. Ilikuja na Waitaliano. Pale Ngomeni, kaskazini yetu, walijenga kituo chao cha kurushia roketi kutoka baharini, na Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Baada ya mafundi wakaja watalii, baada ya watalii hoteli, na kila aliyekuja alikuwa na kaseti zake mkobani. Akiondoka humwachia mhudumu wa chumba, au mpishi, au kijana wa mashua. Mhudumu huileta kwangu. Mimi naitoa kopi, namrudishia ya kwake, nabaki na yangu. Ndivyo Bowie alivyoingia mjini, mkobani mwa mtu aliyekuja kuota jua.

Na Bowie hakuwa mgeni kwetu moja kwa moja. Katika albamu yake ya 1979 mna wimbo mmoja wa kasi sana, maneno yakikimbizana kama watoto wa madrasa waliofunguliwa, na katikati ya maneno hayo mara wasikia "asante", mara wasikia "habari". Kiswahili chetu hiki hiki. Alikuwa amepita Kenya, akayaokota maneno yetu kama mtu aokotavyo simbi ufuoni, akaenda nayo Ulaya. Nilipousikia mara ya kwanza niliirudisha kaseti nyuma mara tatu nikihakikisha kwamba si masikio yangu. Halafu mwaka 1992 akamwoa Iman, Msomali wa Mogadishu aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku ile habari ilipofika, jirani yangu wa Kisomali aliingia kibandani akasema, "Huyu sasa shemeji yetu, mpunguzie bei." Tangu hapo hakuitwa Bowie tena kwetu. Aliitwa Shemeji.

Shemeji alipotea. Juni 2004, akiwa kwenye ziara yake Ujerumani, mshipa wa moyo uliziba, akapasuliwa, na ziara ikakatwa. Albamu yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka uliotangulia, 2003. Baada ya hapo ikawa kimya. Mwaka wa kwanza watu walisema anapumzika. Wa tatu wakasema anaugua. Kufika wa tano, wa sita, walikwisha kumstaafisha. Kumbe mwenyewe alikuwa anarekodi pole pole New York, pamoja na mtayarishaji Tony Visconti aliyefanya naye kazi tangu ujana, na wanamuziki wametia saini kwamba hawatamwambia mtu. Tarehe 8 Januari 2013, siku aliyotimiza miaka 66, wimbo ukatokea alfajiri bila tangazo lolote. Machi ikafuata albamu nzima.

Mpwa wangu ndiye aliyeuleta. Wakati huo alikuwa na miaka 19. Alikuja na simu mkononi akaniambia, "Mjomba, yule Shemeji wenu ameimba." Tukakaa wanne: mimi, yeye, fundi wa redio wa mtaa wetu, na rafiki yangu aliyepika miaka mingi katika hoteli ya ufuoni, ambaye kwa Bowie hakuna mtu Malindi aliyemzidi. Rafiki yangu huyu aliwahi kutembea kwa miguu kutoka Casuarina mpaka kibandani kwangu, mvua ya masika ikinyesha, kwa kuwa aliambiwa na mtalii kwamba nina upande wa pili wa kaseti aliyoikosa. Nalitaja hili makusudi, ili msije mkasikia atakayoyasema mkadhani ni mtu asiyependa.

Wimbo ni wa mwendo wa pole. Mtu mzima anatembea kwa mawazo katika Berlin, mji aliokaa miaka ya 1970, anataja mahali, anauliza tuko wapi sasa. Na sauti ni nyembamba. Inapopanda hutetereka kidogo kama taa ya chemni iliyopitiwa na upepo, kisha hutulia. Ulipokwisha, fundi wa redio alikuwa amejiinamia. Rafiki yangu mpishi akasimama, akavaa viatu vyake, akasema, "Huyu si yeye. Huyu ni mzee anayemkumbuka yeye." Akatoka.

Nimelirudia neno lile kichwani mwangu mara nyingi. Alikusudia kutukana, na bado sijui mtu aliyeueleza ule wimbo vizuri kuliko alivyoueleza yeye kwa hasira.

Albamu ilipokuja, mambo yakazidi. Kwanza ni lile jalada. Bowie na mchoraji wake, Jonathan Barnbrook, walichukua picha ya jalada la albamu yake ya 1977, picha inayojulikana dunia nzima, wakaweka mraba mweupe katikati ukaufunika uso, na juu ya mraba wakaandika jina la albamu mpya. Basi. Duniani kote wapenzi wake waligawanyika juu ya mraba ule: hawa wanasema ni uvivu, wale wanasema ni ushujaa. Kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Mpishi alisema, "Amejiziba uso mwenyewe. Angetaka tumkumbuke asingeuziba." Fundi akamjibu, "Ameuziba kwa sababu ndio unaoutazama. Hebu msikilize." Waliendelea hivyo mpaka adhana ya Magharibi, wakaenda msikitini wakikaa safu mbalimbali.

Mpwa wangu alikuwa ameipenda albamu tangu siku ya kwanza, na nilipomuuliza sababu akanijibu kwa urahisi, "Mjomba, mimi ya zamani siijui."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nifikiri. Nilikaa nalo siku nyingi, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana ndiyo sababu ya mimi kuja na mashine.

Kaseti hupita ndani ya deki kwa mwendo maalumu: sentimita 4.76 kwa sekunde. Mota ikienda kasi kidogo kuliko hapo, sauti hupanda. Ikienda pole, sauti hushuka. Asilimia sita tu inatosha kuipandisha sauti nusu toni nzima, kama hatua kutoka kidude cheupe mpaka cheusi kilicho jirani yake kwenye kinanda. Sasa, mashine yangu hii, mlango huu wa kulia, wa kurekodia, ulikuwa na mkanda wa mpira uliolegea. Ulikwenda pole. Mimi sikujua. Nilijua miaka mingi baadaye, siku fundi alipoufungua kwa sababu nyingine kabisa. Mlango wa kurekodia ukienda pole, kopi inayotoka humo, ikipigwa kwenye redio nzima, hukimbia. Sauti yapanda. Mwimbaji awa kijana kuliko alivyokuwa studioni.

Ngojeni niwapigie. Hii ni kaseti halisi iliyotoka kwa mgeni, ya 1977. Sikizeni mstari mmoja. Haya. Na hii ni kopi yangu, ile aliyokuwa nayo rafiki yangu mpishi miaka yote. Mmesikia? Mama pale mbele ametikisa kichwa. Ameyasikia.

Kwa hiyo ile sauti aliyoipenda rafiki yangu, ile aliyoijia kwa miguu mvuani, haikuwa ya Bowie wa 1977. Bowie hakuwahi kuimba hivyo siku yoyote ya maisha yake. Ilikuwa sauti ya Bowie na mkanda wangu mbovu, na ilikuwapo Malindi peke yake, katika nyumba mia mbili tatu. Na ndiyo sauti ambayo mzee wa miaka 66 alipimwa nayo, akaonekana amepungua.

Nilipomweleza rafiki yangu jambo hili hakucheka na wala hakukasirika. Aliniomba ile kopi. Akaenda nayo nyumbani.

Sisemi kwamba kila anayelalamika amedanganywa na mashine. Nasema kwamba sote tunayo kopi iliyokimbia. Ukisikia wimbo una miaka kumi na saba, umevaa shati jipya la Idi, na yule binti wa nyumba ya pili amepita, kichwa chako chaurekodi kwa mwendo wake chenyewe. Kisha mwimbaji anarudi baada ya miaka thelathini, amekuja na kano za sauti za mwanadamu. Kano hizo hukauka, hupoteza unyumbufu, na pumzi ya kifua hupungua. Sauti ya mwanamke umri ukienda huelekea kushuka. Ya mwanamume mara nyingi hukonda. Mwimbaji mwenye akili huushusha ufunguo wa wimbo toni moja, huzikwepa zile noti za juu, hutafuta njia nyingine ya kufika. Wewe mpenzi wake waiona ile njia nyingine, wasema amepotea.

Niwape mfano wa pili, ambao kwetu ulikwenda kinyume kabisa. Mwaka 1984 ilinifikia kaseti ya Tina Turner. Hiyo niliinakili mpaka kichwa cha deki kikaisha. Kila matatu ya kwenda Mombasa ilikuwa nayo. Sasa sikizeni: kule Marekani albamu ile iliitwa ya kurudi. Mama huyu alikuwa jukwaani tangu 1960 na mumewe Ike, akapigwa, akatoroka mwaka 1976 na senti 36 mkononi, na walipoachana mwaka 1978 mali nyingi aliziacha, lakini jina lake la jukwaani akabaki nalo. Miaka iliyofuata aliimba popote alipoitwa, na kampuni zilimwona amekwisha. Halafu akaenda Uingereza akarekodi albamu ile pamoja na vijana wa vinanda vya umeme, na Septemba 1984 wimbo wake ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Alikuwa na miaka 44. Na huo wimbo wenyewe mwanzoni hakuupenda!

Wapenzi wake wa zamani, wale wa tarumbeta na jasho la miaka ya 1960, wengine walinung'unika. Walimtaka yule wa kwanza, aliyepayuka na kucheza bila kupumua. Hivi vinanda vya umeme waliviona vya baridi. Lakini Malindi? Malindi hakuna aliyejua kwamba amerudi. Tulidhani ndiyo kwanza anaanza. Vijana waliniuliza, "Huyu dada mpya ni nani?" Dada mpya, mwenye miaka 44 na robo karne ya jukwaa! Tulimpokea na sauti yake ya mikwaruzo kama sauti kamili, isiyopungua kitu, kwa sababu hatukuwa na kopi ya zamani ya kumpigia mbele ya uso wake. Aliposhuka noti fulani hatukujua kwamba ameshuka. Tulisikia mwanamke aliyepita motoni anaimba.

Mpaka leo nikiulizwa ni albamu ipi ya kurudi iliyo bora kupita zote, nitaitaja hiyo bila kusita.

Yako malalamiko ya haki, nayo tuyatenge. Mwaka 2013 huo huo Black Sabbath, kundi la roki la Uingereza, walitoa albamu na mwimbaji wao wa zamani Ozzy Osbourne, ya kwanza ya studio pamoja naye tangu 1978. Uingereza ilishika nafasi ya kwanza, jambo ambalo hawakulipata tangu 1970. Lakini mpiga ngoma wao wa asili, Bill Ward, hakuwamo; hawakuelewana juu ya mkataba, akaletwa mwingine. Wapenzi wengi walisema hii si Sabbath kamili. Hapo nasimama nao. Mtu wa pwani analielewa hilo bila kuelezwa: kikundi cha taarabu kikija harusini na jina lilelile lakini mpiga ud siye, mama wa bibi harusi ana haki ya kuuliza. Jina ni ahadi. Ward alirudi mwishoni, Julai 5, 2025, kule Birmingham walikozaliwa, wote wanne jukwaa moja, Ozzy akiwa na miaka 76 na ugonjwa wa kutetemeka, ameimba amekaa kitini. Siku kumi na saba baadaye akafariki. Niliitazama kwa simu ya mpwa wangu. Sauti ilikuwa inavunjika vibaya, na katika maelfu waliokuwa uwanjani hakuna aliyeonekana kujali; waliimba naye, na pale iliposhindwa wakaibeba wao.

Na albamu ya Guns N' Roses, kundi la roki la Marekani, ya Novemba 2008, ambayo vijana wawili wamenitumia ujumbe niitaje? Albamu zao za mwisho za nyimbo zao wenyewe zilikuwa za 1991. Mwimbaji wao, Axl Rose, alikaa nayo studio zaidi ya miaka kumi, wenzake karibu wote wameondoka, mpiga gitaa Slash mwenyewe aliondoka 1996. Wapenzi waligawanyika, na wanagawanyika bado. Mimi siipendi, na nitasema kwa nini: gitaa zimewekwa juu ya gitaa, juu yake tena gitaa, mpaka mwimbaji hana pa kusimama. Ila sikusema, na sitasema, kwamba Axl wa 2008 alitakiwa awe na koo la 1987. Kazi waweza kuihukumu. Umri wa mtu huna la kuuhukumu.

Turudi nyumbani. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akarekodi sahani za santuri, za mwanzo kabisa za mwanamke wa pwani yetu. Aliyetaka kumsikia kabla ya hapo alikwenda alipo. Na kwa nyumba nyingi zisizo na santuri iliendelea kuwa hivyo. Mwimbaji aliimba harusi ya mama, baada ya miaka ishirini akaimba harusi ya binti, na sauti ilikuwa imeshuka pamoja na migongo ya waliomsikiliza. Hakuna aliyekuwa na kipimo. Walizeeka pamoja.

Mtazameni Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliyefariki Aprili 2013, mwezi mmoja tu baada ya albamu ya Shemeji. Albamu zake zinazojulikana duniani amezirekodi akiwa bibi kizee tayari. Mwaka 2005 walipompa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, alikuwa mtu mzima ambaye hata tarehe ya kuzaliwa hakuna aliyeijua kwa hakika. Sauti yake ilikuwa nzito, ina kokoto, ina moshi wa sigara, na watu walilia. Je, umesikia mtu akisema, "Si yeye tena"? Mimi sikumsikia. Sauti yake ya miaka ishirini haikuwa kwenye kabati la mtu. Angekuwa nayo mtu, nina hakika tungegawanyika juu yake kama tulivyogawanyika juu ya Bowie.

Kwa waimbaji wa rika la marehemu Juma Bhalo, ambaye Malindi ni mji wake wa kuzaliwa, kaseti zilikuwa zimekwisha kufika. Hao tuliwarekodi harusini, maikrofoni imefungwa kwa kitambaa kwenye nguzo ya hema, na asubuhi nyimbo ziko sokoni. Mimi nilikuwa mmoja wa waliouza. Hakuna mwimbaji aliyepata shilingi kutoka kwangu kwa kopi hizo, na hili silisemi kwa wepesi. Lakini la fedha nilidhani ndilo kosa langu peke yake, mpaka mwaka jana.

Mwaka jana nilihudhuria harusi hapa hapa Malindi. Katika wanawake waliokaa ukumbini alikuwamo mama mmoja wa Shela ambaye zamani, wa umri wangu watakumbuka, hakuna harusi iliyokamilika bila yeye. Jina silitaji, mwenyewe hapendi. Wanawake walimbembeleza aimbe ubeti mmoja. Akakataa, wakambembeleza, akasimama. Mke wangu alikuwapo ndani, ndiye aliyenisimulia. Aliimba beti mbili. Sauti ilikuwa imekaa chini, pole pole, anavuta pumzi katikati ya mishororo, na wazee walikuwa wamenyamaza kimya cha kumsikiliza mtu. Basi binti mmoja, kwa mapenzi tu, wala si kwa ubaya, akatoa simu akaiunganisha na spika, akaupiga wimbo ule ule wa mama yule wa zamani, ulioingizwa kwenye simu kutoka kaseti, ili watu wacheze. Sauti ikapasua ukumbi. Juu kabisa, nyororo, kali kama wembe. Na msichana mwingine akauliza kwa sauti, "Hee, huyu ndiye yule?"

Mama akakaa. Akajifunika leso yake. Hajaimba tangu siku ile.

Mke wangu aliponisimulia nilimuuliza ni wimbo gani. Akanitajia. Nikaenda kwenye sanduku langu nikautafuta, nikaupata, mwandiko wangu juu yake. Mwaka 1986. Ni kopi ya mlango huu wa kulia. Ile sauti kali kama wembe iliyomkalisha kitini ilikuwa imepandishwa nusu toni na mkanda wangu. Hakuwahi kuwa nayo hata siku alipokuwa na miaka ishirini na mitano.

Samahanini. Nipeni maji kidogo.

Bowie alitoa albamu nyingine tarehe 8 Januari 2016, na siku mbili baadaye akafariki. Kumbe alikuwa anaumwa na hakusema. Rafiki yangu mpishi alikuja kibandani siku habari ilipofika, nami nilikuwa nimekwisha kuacha kuuza kaseti, nauza chaja na vifuniko vya simu. Akakaa kwenye kibao chake cha zamani. Akamwambia mpwa wangu, "Niwekee ule wa Berlin." Akausikiliza mara moja, akaomba tena. Hakusema kama amebadili mawazo, na mimi sikumuuliza. Nimekuja kufahamu kwamba Shemeji hakupungukiwa na kitu kwa kununiwa na mpishi wa Malindi. Alikuwa mbali, alikuwa tajiri, alikuwa na dunia nzima ya wengine waliomlilia. Mama wa Shela anatuhitaji sisi tu tuliomo humu.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilikwenda kwake. Nilikwenda na mke wangu, kama inavyopasa. Nikamwamkia, nikamwambia, "Bibiye, nimekuja na deni." Nikamweleza habari ya mkanda, mota, nusu toni, kama nilivyowaeleza nyinyi. Alinisikiliza huku anasuka ukili, hakuinua uso. Mke wangu akamwambia kwamba tuna chombo kipya cha kurekodi, na tungependa kumrekodi kwa sauti aliyonayo leo, kwa ufunguo wake wa leo, akae anavyotaka, apumzike anapotaka, na kitakachouzwa kiwe chake. Akasuka. Chai ikaletwa, tukanywa. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, nami nimekata tamaa, akatuita.

"Njooni Alhamisi, baada ya Alasiri," akasema. "Na ile kaseti uiwache kwako."